Leseni ya daraja E mkononi: ubaki Dar au uchukue njia ya Tunduma?

Mpwa wangu alikuja nyumbani Mbagala Jumapili na leseni yake mpya ya daraja E, ya malori makubwa. Alikuwa na kazi mbili za kuchagua, na zote zilitaka jibu kabla ya Ijumaa. Ya kwanza ni ya mjini: kuvuta makontena kutoka bandarini, kuyapeleka bandari kavu na kwenye maghala ya Vingunguti na Tabata. Ya pili ni njia ndefu: Dar hadi Lubumbashi, Kongo, kwenda na mbolea au salfa, kurudi na kopa (shaba). "Mjomba, ungekuwa wewe ungechukua ipi?"

Nilimwambia achukue ya mjini, akae nayo miaka miwili. Akanyong'onyea, maana posho ya Kongo alikuwa ameshaipigia hesabu ya kiwanja. Tukakaa barazani mpaka magharibi nikimweleza sababu. Naandika hapa yale yale niliyomwambia, kwa kila kijana wa kiume au wa kike aliyetoka VETA au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji juzijuzi na anajiuliza swali hilo hilo.

Nilianza kama utingo wa Fuso Kariakoo mwaka 1996. Leseni ya malori makubwa niliipata 2001, na baada ya miezi mitano tu ya kuendesha mjini nikakimbilia Tunduma, mpakani na Zambia. Sikuulizia chochote zaidi ya posho. Tulifika Tunduma tukakuta foleni imeanzia mbali na mpaka. Tajiri, yaani mwenye gari, alinipa pesa ya kula ya siku nne; nilikaa tisa. Karatasi moja ya mzigo ilikuwa na namba ya kontena iliyokosewa tarakimu moja, na mimi niliipokea Dar bila kuilinganisha na namba iliyoandikwa mlangoni. Siku ya sita niliuza saa yangu ya mkononi ili mimi na utingo wangu tule. Tukarudi na mchele wa Mbeya, na nilipoanza kushuka Mlima Kitonga, Iringa, nilikuwa kwenye gia ya juu, mguu uko kwenye breki. Katikati ya mteremko nikasikia harufu ya breki zinaungua. Utingo wangu, mtu mzima kuliko mimi, akapiga kelele: "Simama kabla hujashindwa kusimama!" Tulisimama. Nikakaa pembeni ya ukingo ule saa nzima, magoti yananitetemeka, gurudumu huwezi kuligusa kwa joto. Nilipofika Dar nikamrudishia tajiri ufunguo, nikaomba kazi ya mjini, na sikutoka tena kwa miaka mitatu.

Kwa hiyo ninapokuambia anza mjini, sikukatazi pesa. Nakupa nilichokosa mimi.

Mjini unajifunza gari

Dereva wa njia ndefu anaweza kumaliza wiki mbili akawa amerudisha tela nyuma mara tatu. Anayevuta makontena Dar anarudisha nyuma mara tano au sita kwa siku moja, tena kwenye uwanja uliojaa magari mengine, mlinzi anampigia filimbi, na forklifti inasubiri. Kurudi nyuma na tela ndiko kunakomtofautisha dereva na mtu mwenye leseni. Usukani unaukata upande usioutarajia, tela linakwenda kinyume, na ukichelewa kulifuata linajikunja. Hakuna darasa litakalokufundisha hilo kama uwanja wa bandari kavu.

Jambo la pili ni kuunga na kuachia tela. Utafanya kila siku: unashusha miguu ya tela, unachomoa mabomba ya upepo na waya wa taa, unavuta kishikio, unatoka taratibu. Ukiunga, unavuta mbele kidogo huku breki za tela zimekaza, kujaribu kama limeshika kweli, kisha unateremka kuangalia kwa macho. Usikubali utingo akuambie "tayari" kutoka upande wa pili. Teremka wewe. Na kontena likiwekwa juu, zunguka pembe zote nne uone loki zimefungwa. Kontena lisilofungwa loki linashuka kwenye kona, na pembeni yako kuna bajaji yenye watu watatu.

La tatu ni karatasi. Namba ya kontena, namba ya sili (lakiri ya mlango), hati ya makabidhiano, jina la mpokeaji, sahihi na muhuri. Mjini ukikosea unarudi bandarini, umepoteza nusu siku. Tunduma ukikosea, umepoteza wiki, kama mimi.

Halafu kuna mwendo. Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni huwezi kwenda kasi hata ukitaka. Kosa la mgeni mara nyingi linaishia kwenye kioo cha pembeni au bampa. Kosa hilo hilo ukilifanya Mlima Iwambi, ukiwa unateremkia Mbalizi na tani 30 mgongoni, ni jambo jingine kabisa. Wanaoijua njia ile wanajua ni malori mangapi yamefeli breki pale na nani walikuwa chini ya mteremko.

Lakini nisikudanganye kwamba mjini ni raha. Utaingia bandarini jioni ukatoka usiku wa manane. Utakaa kwenye foleni bila choo. Bodaboda watapita kati ya kichwa chako na ukuta wakati unakata kona, na wewe ndiye utakayeulizwa. Mizigo mingi ya Kariakoo inashushwa usiku, kwa hiyo "kulala nyumbani" kunaweza kumaanisha kulala saa tatu asubuhi huku watoto wanacheza dirishani. Mke wangu ananikumbusha kwamba miaka ile mitatu nilikuwa nyumbani lakini nimelala.

Tena, si kila kazi ya mjini inafundisha. Kazi ya tipa la mchanga au kokoto inayolipa kwa tripu ningemkataza kijana yeyote kuanza nayo. Ukilipwa kwa tripu, kila dakika ya tahadhari inakutoka mfukoni, na mkono unajifunza haraka kabla haujajifunza usahihi. Kanta au Fuso ya kusambaza soda, saruji au vifaa vya dukani ni mwanzo mzuri kwa mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye gari kubwa hata siku moja. Utajifunza vichochoro na kuongea na wateja. Ila usikae humo muda mrefu kama lengo lako ni tela. Makontena ya bandarini, kwa mshahara wa mwezi, ndiyo shule niliyomchagulia mpwa wangu.

Na kuna njia ya tatu ambayo vijana wanaisahau kwa sababu haina jina kubwa: mikoani. Dar–Morogoro–Dodoma, Dar–Tanga, Dar–Moshi na Arusha, Dar–Mtwara. Unatoka, unalala usiku mmoja au miwili, unarudi. Hakuna mpaka, hakuna pasipoti, lakini kuna mizani, kuna giza, kuna milima midogo, na kuna kujipangia usingizi. Baada ya miaka hiyo miwili ya mjini, hiyo ndiyo hatua ningekushauri kabla ya Tunduma. Mimi sikuipata, nilitoka Kariakoo moja kwa moja mpaka mpakani.

Pesa ipigie hesabu kwa siku

Hapa ndipo vijana wengi wanapoteleza. Wanalinganisha posho ya safari moja na mshahara wa mwezi, wanaona posho inashinda. Posho ya safari igawe kwa siku, na siku uzihesabu zote: ya kupakia, ya kusubiri karatasi, ya foleni Tunduma, ya foleni Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, ya kushusha, ya kusubiri mzigo wa kurudi, mpaka siku unapokabidhi ufunguo Dar.

Chukua mfano wa kupigia hesabu tu. Safari ya Kongo inalipa 1,200,000, unaambiwa ni siku 20. Hiyo ni 60,000 kwa siku, nzuri. Sasa toa chakula cha njiani, tuseme 15,000 kwa siku, maegesho na mlinzi, maji ya kuoga, laini ya simu ya Zambia na nyingine ya Kongo. Umebaki na 40,000 hivi. Sasa safari ikichukua siku 35 badala ya 20, na posho ni ile ile, matumizi yanaendelea kila siku. Gawanya tena. Utakuta dereva wa mjini mwenye mshahara wa kawaida na pesa ya chakula, anayekula ugali wa nyumbani kwake, hayuko nyuma sana, na yuko na watoto wake. Swali lenye thamani kuliko "posho ni kiasi gani" ni hili: siku zikizidi, nani analipia?

Kwenye njia ndefu mafuta nayo ni suala la mshahara. Lori lenye mzigo kamili kwangu mimi limekuwa likila lita moja kwa kilomita mbili, kidogo zaidi au pungufu kutegemea milima na gari lenyewe. Dar hadi Tunduma ni kilomita 930 hivi. Matajiri wengi wanakupa lita kwa hesabu, na zikipungua wanakukata. Uliza hesabu hiyo wanaipigaje: wamehesabu foleni ambayo injini inawashwa na kuzimwa kutwa? Wamehesabu gari la zamani? Niliwahi kukatwa miezi miwili mfululizo na tajiri mmoja kwa upungufu wa mafuta, mpaka fundi alipogundua bomba linavuja. Pesa haikurudi. Tangu hapo naandika kilomita na lita kila ninapojaza, na risiti nazipiga picha.

Mwenye gari ndiye nusu ya uamuzi

Kama ungeniambia unachagua kati ya tajiri mzuri wa njia ndefu na tajiri mbaya wa mjini, jibu langu lingebadilika. Kwa hiyo kabla hujasema ndiyo, nenda kwenye yadi yake asubuhi, bila miadi ikiwezekana, uangalie matairi ya matela. Angalia yale ya ndani, ya nje yanabadilishwa mapema kwa sababu yanaonekana. Ongea na madereva wake, si ofisini, bali kwa mama lishe wa nje ya geti. Uliza mshahara wa mwezi uliopita ulitoka tarehe ngapi. Uliza dereva wa mwisho aliondoka kwa nini.

Kisha omba mkataba wa maandishi. Usione haya, Aprili 2015 madereva nchi nzima waligoma, na mikataba ilikuwa miongoni mwa madai yao makubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa haki ya kupewa masharti ya kazi kwa maandishi, na inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Uliza NSSF: mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kukukata wewe zaidi ya asilimia 10. Uliza kama mwajiri anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huo hukatwi wewe hata senti, ni wajibu wake. Ukivunjika mguu Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, utaelewa kwa nini nimelitaja. Na sikiliza kama kila anachokuahidi anakiita posho. Posho ya safari mara nyingi haihesabiwi kwenye NSSF. Mshahara wa 200,000 wenye posho nono ni uzee wa taabu.

Mengine ya kuuliza ni haya: mizani ikigundua uzito umezidi, faini ni ya nani? Kikomo cha Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari zima, lakini unaweza kuwa chini ya hapo na bado ekseli moja ikazidi kwa sababu mifuko imesogea mbele ulipofunga breki. Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Uyole, Mpemba: utapimwa na kupimwa tena, na dereva ndiye anayesimamishwa. Je, wewe utakuwepo wakati wa kupakia, una haki ya kusema "panga upya"? Tajiri anayekasirishwa na swali hilo ameshakujibu.

Kwa dada zetu wanaoingia kwenye kazi hii, na wanaongezeka, ningeongeza swali moja: gari linalala wapi? Dai maegesho yenye uzio, taa na choo, yatajwe kwa jina kabla ya safari. Binti wa jirani yangu yuko kwenye mafunzo sasa hivi, na hilo ndilo nililomwambia kwanza.

Anayeweza kuruka hatua

Nina watu wawili ambao sitawaambia wakae mjini miaka miwili. Wa kwanza ni aliyekuwa utingo wa njia hiyo hiyo kwa miaka. Kitonga anaijua gizani, maofisa wa mpakani anawajua kwa sura, na kilichobaki ni usukani. Huyo miezi sita ya tela mjini inamtosha. Wa pili ni anayepata kampuni inayompakia na dereva mkufunzi kwa safari tatu au nne kabla ya kumwachia gari. Ukipata hiyo, ichukue hata kama mshahara wa kipindi hicho ni mdogo.

Tofauti na hao, hali ya nyumbani pia ina sauti. Mpwa wangu ana mtoto wa miezi minne. Nilimuuliza, mkeo akipiga simu saa saba usiku kwamba mtoto ana degedege, nawe uko Mpika, Zambia, utafanya nini? Hakujibu. Kama mama mzazi yupo nyumbani, kama kuna ndugu wa kuaminika mtaani, jibu linakuwepo. Kama mko wawili tu kwenye chumba cha kupanga, subiri mtoto atembee.

Siku ukitoka

Ukishaiva, andaa pasipoti mapema, na chanjo ya homa ya manjano uchome angalau siku kumi kabla ya kuvuka. Cheti hakianzi kazi mpaka hizo siku kumi zipite. Safari ya kwanza omba ya kwenda Mbeya au Tunduma na kurudi, bila kuvuka mpaka, na uondoke pamoja na gari la mwenzako mzoefu.

Mlimani kanuni ni moja: gia unayoihitaji kupanda, au ya chini yake, ndiyo ya kushukia, na uiingize kabla ya mteremko kuanza. Ukishaanza kuteremka huenda gia isikubali tena. Eksosti breki ifanye kazi, breki ya mguu uikanyage kwa nguvu kwa muda mfupi kisha uiachie, usiegemeze mguu. Kumbuka kwamba ukitoka Dar, Kitonga unaipanda. Unaishuka wakati wa kurudi, umechoka, una kopa mgongoni, na akili iko nyumbani. Simama Ilula ukague breki, unywe chai, ndipo uishuke.

Mikumi ndani ya hifadhi fuata vibao vya mwendo, mchana na usiku. Saa nane usiku hadi kumi na moja alfajiri usiendeshe kama unaweza kuepuka. Usingizi wa saa hizo hauji kwa miayo. Unakuja ukiwa macho wazi, unashtuka gari liko upande wa pili. Mirungi na vinywaji vya kuchangamsha vinakukopesha usingizi, na deni linadaiwa ukiwa kwenye usukani.

Ukivuka Tunduma saa yako rudisha nyuma saa moja. Zambia bado unakaa kushoto kama nyumbani, lakini ukipita Kasumbalesa kuingia Kongo unahamia kulia, na usukani wako uko kulia vilevile, kwa hiyo ukitaka kumpita mtu huoni mbele yake. Usimpite. Kaa nyuma hata kama anatambaa. Ukielekea Kigali, mabadiliko hayo hayo yanakukuta Rusumo, mpakani na Rwanda. Na pesa ya dharura ifiche sehemu mbili tofauti, ya kutosha siku kumi zaidi ya ulizoambiwa.

Hayo nilimwachia mpwa wangu kwa baadaye. Alhamisi alinipigia kusema amechukua ya makontena, baada ya kwenda getini na kuongea na madereva watatu. Nikamnunulia daftari la kurasa 96 na kalamu inayofungwa kwa kamba. Ukurasa wa kwanza ameshaujaza: namba ya kontena, namba ya sili, kilomita, lita, aliingia bandarini saa kumi na moja jioni, alitoka saa saba usiku. Chini yake ameandika kwamba alirudisha tela nyuma mara nne, na mara ya tatu alihitaji kuanza upya.